Kikulacho Ki Nguoni: Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Usaliti wa Ndugu Katika Tanzia

Tumefunzwa tangu utoto kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ukiingia kwenye tanzia, yaani tamthilia ya maafa, iache methali hiyo mlangoni. Huko zimwi likujualo ndilo linalokula mpaka mfupa, kwa sababu linakujua: linajua unalala wapi, unaogopa nini, na ukiitwa kwa sauti gani unageuka. Katika Hamlet, Claudius hakuhitaji jeshi kumuua mfalme wa Denmark. Alihitaji kujua jambo moja tu, ambalo ndugu yeyote wa nyumba ile angelijua: kwamba kaka yake alikuwa na mazoea ya kulala bustanini kila alasiri. Alikwenda na kichupa cha sumu, akaimimina sikioni.

Wasomaji wengi wakiulizwa kwa nini shujaa wa tanzia ameanguka, hujibu kwa neno moja: usaliti. Au tamaa. Au wivu. Majibu hayo ni sahihi, lakini hayafiki popote, kwa kuwa hayaonyeshi usaliti ulipita mlango gani. Msimamo wangu, ambao mwongozo huu wote unausimamia, ni kwamba msaliti wa ndani ya familia havunji mlango. Anaingia kwa ufunguo aliopewa na mwathiriwa mwenyewe, mara nyingi kwa mapenzi, zamani, bila kufikiri. Kazi yako msomaji ni kuutafuta ufunguo huo: ni upi, ulitolewa lini, na nani mwingine aliuona ukitolewa akanyamaza.

Nitatumia zaidi tamthilia mbili za Shakespeare, King Lear na Othello, kwa sababu hila zake zimeandikwa wazi kiasi kwamba unaweza kuzifuata neno kwa neno. Wagiriki nao watapita. Hatua hizi zinamfaa mwanafunzi anayejiandaa na mtihani, mwigizaji anayetafuta sababu ya kusema maneno aliyopewa, na hata mwandishi anayetaka kutunga tanzia yake.

Hatua ya 1: Soma kwanza bila kalamu

Soma tamthilia yote mara moja, ikiwezekana kwa kikao kimoja, na usiandike chochote. Tanzia imetungwa ikupige kabla haijakufundisha. Mahali utakaposhtuka, au utakapotamani kumpigia mhusika kelele ageuke nyuma, pakumbuke tu. Hapo ndipo utakaporudi na kalamu.

Hatua ya 2: Chora ukoo, kisha andika madeni

Katika usomaji wa pili, chukua karatasi uchore nani ni mzazi wa nani, nani ameoa wapi, nani amezaliwa kwanza. Hilo kila mtu hulifanya. Wachache huongeza jambo la maana zaidi: kwenye kila mstari unaounganisha watu wawili, andika kila mmoja anaamini anamdai mwenzake nini.

Chukua nyumba ya Lear. Mfalme mzee ana mabinti watatu, Goneril, Regan na Cordelia, na anataka kuwagawia ufalme akiwa hai. Kwenye mstari wa Lear kwenda kwa mabinti andika: anadai ashukuriwe, tena hadharani. Kwenye mstari wa Goneril na Regan kwenda kwa baba andika: wanajua siku zote alimpenda mdogo kuliko wao. Goneril analisema wazi mwishoni mwa onyesho la kwanza, wakiwa wawili. Sasa hesabu ya chuki unayo hata kabla uovu wowote haujatendeka.

Kisha nenda nyumba ya pili katika tamthilia hiyo hiyo, ya Gloucester. Ana wana wawili: Edgar wa ndani ya ndoa na Edmund wa nje ya ndoa. Tamthilia haijafika hata dakika tatu na Gloucester tayari anamtania mwenziwe Kent kuhusu namna Edmund alivyotungwa mimba, na Edmund amesimama papo hapo anasikia. Baba anaongeza kwamba kijana amekuwa ugenini miaka 9 na ataondoka tena. Wasomaji huruka mazungumzo haya kwa kuwa yanaonekana ni salamu za kufungulia pazia. Usiyaruke. Andika kwenye mstari wa Edmund: anadai jina.

Simtetei Edmund. Atakayoyafanya hayana utetezi. Lakini ukimsoma kama shetani aliyeshuka kutoka hewani, utakosa kuona kwamba aliumizwa mbele ya watu na mtu ambaye hakujua hata kwamba anaumiza.

Hatua ya 3: Tafuta njaa ya mwathiriwa

Kila anayedanganywa na ndugu yake anadanganywa kwa kitu alichokuwa na njaa nacho. Jiulize: mhusika huyu anataka sana kusikia nini? Au anaogopa sana kusikia nini? Mara nyingi ni jambo lilelile limegeuzwa upande.

Lear anataka kuambiwa anapendwa kuliko vyote. Anauliza swali ambalo jibu lake la kweli halina bei, kisha analiwekea bei ya ardhi. Goneril na Regan wanalipa kwa maneno. Cordelia anaulizwa atasema nini ili apate fungu nono kuliko dada zake, naye anajibu: “Hakuna, bwana wangu.” Kwa neno hilo anafukuzwa bila mahari, na Kent anayejaribu kumtetea anafukuzwa pia. Ufunguo umeshatolewa: kuanzia sasa kila mtu katika ufalme ule anajua kwamba mzee huyu hupokea maneno kama malipo.

Othello njaa yake ni tofauti. Ni jemadari mkubwa wa Venice, lakini ni mgeni; ameoa binti wa nyumba ya kiungwana bila ridhaa ya baba mkwe. Anaogopa kwamba hazijui desturi za watu hao, na kwamba labda mkewe atakuja kuamka siku moja aone aliolewa na nani. Hofu hiyo haisemi mapema, na pengine haijui. Iago, ofisa wake anayemwamini, anaijua.

Hatua ya 4: Chambua onyesho la hila sentensi kwa sentensi

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Kila tanzia ya kifamilia ina onyesho moja, mara nyingine mawili, ambamo akili ya mtu inahamishwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine mbele ya macho yetu. Lisome polepole. Andika pembeni ya kila kauli: msaliti amefanya nini hapa? Si amesema nini, amefanya nini.

Tuanze na Edmund, sehemu ya 1, onyesho la 2. Gloucester anaingia akiwa amechanganyikiwa: Kent amefukuzwa, mfalme wa Ufaransa ameondoka kwa hasira, dunia imepinduka kwa siku moja. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya kuandika pembeni. Msaliti huchagua saa ambayo mwathiriwa tayari ameyumba.

Edmund anaficha barua kwa haraka, haraka ya kutosha ionekane. Baba anauliza ni karatasi gani. Edmund anajibu: “Hakuna, bwana wangu.”

Simama hapo. Ni maneno yaleyale ya Cordelia, neno kwa neno, katika Kiingereza cha Shakespeare. Binti aliyasema kwa ukweli akapoteza kila kitu. Huyu anayasema kwa uongo na atapata kila kitu. Kila ninapofika hapa naamini zaidi kwamba mtunzi alikuwa akituonyesha ugonjwa mmoja katika nyumba mbili. Lear hakuweza kusikia ukweli ndani ya neno “hakuna”. Gloucester hawezi kusikia uongo ndani ya neno hilohilo.

Baba anadai barua. Edmund anasita, anaomba asiitoe, anasema anahofia itamuudhi mzee. Kinachoombwa kwa nguvu huaminiwa kwa nguvu: Gloucester anaipata barua kama mtu aliyeigundua mwenyewe. Barua imeandikwa kana kwamba imetoka kwa Edgar. Inalalamika kuwa wazee wanakalia mali mpaka vijana wanazeeka, na inamwahidi Edmund nusu ya mapato baba akifa. Angalia alivyoitunga: hofu ya kila mzee mwenye mali ameiandika kwa mwandiko wa mwana mpendwa.

Kisha linakuja jambo ambalo wasomaji wengi hawaliamini mpaka walione kwa macho. Edmund anamtetea Edgar. Anasema huenda kaka ameandika hivyo kumpima tu uaminifu wake kwa baba. Anamwomba mzee asikasirike kabla ya kupata ushahidi, na anaahidi atampangia mahali pa kujificha asikie kwa masikio yake. Ahadi hiyo haitekelezwi kamwe, na Gloucester haikumbushi. Kuahidiwa ushahidi kumetosha kuwa ushahidi.

Sasa fungua Othello, sehemu ya 3, onyesho la 3, uone mbinu hizohizo mikononi mwa fundi mkubwa zaidi. Cassio, luteni wa Othello, anamuaga Desdemona, mke wa Othello, na kuondoka Othello anapokaribia. Iago anasema kwa sauti ya chini, kana kwamba anajisemea, kwamba hilo halimpendezi. Othello anauliza umesema nini. Hakuna, bwana, au kama... sijui. Unaona? Tena “hakuna”.

Baada ya hapo Iago harushi tuhuma hata moja kwa muda mrefu. Anarudia tu maneno ya Othello. Othello anauliza kama Cassio ni mwaminifu, Iago anasema, “Mwaminifu, bwana wangu?” Anaulizwa anafikiri nini, anajibu, “Nafikiri, bwana wangu?” Othello mwenyewe analalamika kwamba mtu huyu anamwitikia kama mwangwi, kana kwamba kuna dubwana amelificha mawazoni. Dubwana hilo analiumba Othello, kwa kujaza nafasi alizoachiwa wazi.

Iago naye anamtetea anayemchafua, anasema anaamini Cassio ni mwaminifu. Anamwonya Othello ajihadhari na wivu, yaani anaitaja maradhi kabla haijaingia, na kwa kuitaja anaiingiza. Halafu anatoa kisu alichokihifadhi muda wote: Desdemona alimdanganya baba yake alipoolewa nawe.

Kwa nini kauli hiyo inaua? Kwa sababu ni kweli. Tena si yake. Katika sehemu ya 1 baba mkwe, Brabantio, alimwambia Othello kwa uchungu amwangalie sana mke huyo: amemdanganya baba yake, na anaweza kumdanganya mume pia. Wakati ule Othello alijibu kwamba anaweka rehani uhai wake kwa uaminifu wa mkewe. Iago alikuwepo jukwaani. Aliokota laana ya mzazi kama mtu anayeokota jiwe, akaitia mfukoni, akaingoja siku yake.

Kutokana na maonyesho haya mawili unaweza kujitengenezea orodha ya maswali ya kuulizia onyesho lolote la hila. Mwathiriwa ameyumbishwa na nini kabla ya mazungumzo kuanza? Nani analazimisha siri itolewe, msaliti au mwathiriwa? Je, msaliti anamtetea anayemchafua? Ushahidi umetolewa au umeahidiwa tu? Na swali zito kuliko yote: ni ukweli gani uliotumika? Uongo mtupu haubomoi familia. Kila mara utakuta kuna ukweli mmoja katikati, umewekwa mahali pasipo pake.

Usiishie kwa hawa wawili. Katika Hamlet, sehemu ya 4, Claudius anamtaka Laertes, ambaye baba yake ameuawa na Hamlet, amuue Hamlet, na anamuuliza kama kweli alimpenda baba yake au huzuni yake ni picha tu ya kuchorwa. Laertes alimpenda baba yake, na huo ndio mpini alioshikwa kwao. Katika Medea ya Euripides, iliyochezwa Athens mwaka 431 kabla ya Kristo, Medea anamwomba mumewe Jason msamaha kwa unyenyekevu uleule aliotaka kuuona, kisha anawatuma watoto wao wenyewe wapeleke vazi la sumu kwa bibi harusi mpya. Ufunguo wa Jason ulikuwa imani yake kwamba mwanamke aliyeachwa hatimaye atatulia.

Hatua ya 5: Andika nani anajua nini, na lini

Kinaya cha tanzia, ile hali ya hadhira kujua asilojua mhusika, hakiwezi kuelezwa kwa jumla. Kifuatilie kwa kitu kimoja. Katika Othello kitu hicho ni leso.

Othello anajua ni zawadi yake ya kwanza kwa mkewe. Desdemona anajua imepotea, hajui ilipo. Emilia, mke wa Iago, anajua aliiokota yeye na kumpa mumewe, hajui mume ameifanyia nini. Cassio anajua ameikuta chumbani mwake, hajui ni ya nani. Iago peke yake anajua safari yote. Ukiandika hivi kwenye safu tano utaona jambo la kuumiza: kama watu wanne wale wangekaa chumba kimoja kwa muda wa kunywa maji, kila mmoja akasema alichonacho, hakuna ambaye angekufa. Usaliti wa ndani ya nyumba unaishi kwa kuwatenganisha watu. Kwa hiyo kila msaliti anapomwambia mtu “usimwone fulani kwanza” au “jifiche, nitazungumza naye mimi”, weka alama nyekundu. Edmund anamwambia Edgar hivyo hasa: baba amekasirika, mkwepe kwanza. Ndugu wawili na baba yao hawakai tena pamoja mpaka mwisho.

Hatua ya 6: Wasikilize walionyamaza

Desdemona anapouliza leso yake aliipotezea wapi, Emilia anajibu hajui. Ni uongo mdogo wa mke anayemlinda mume, au anayemwogopa. Mimi naona yote mawili. Katika sehemu ya 5 anauelewa ukweli wote, anausema mbele ya watu ingawa mumewe anamwamuru aende nyumbani, na Iago anamuua kwa hilo. Emilia ni mhusika ninayemheshimu kuliko wote katika tamthilia ile, na bado ukweli wake ulichelewa.

Tafuta mtu wa namna hii katika kila tanzia unayosoma. Si msaliti, si mwathiriwa. Alikuwa na kipande kimoja cha habari. Wakati mwingine ni ndugu, wakati mwingine mtumishi. Katika King Lear, Gloucester anapong’olewa macho, ni mtumishi asiye na jina anayechomoa upanga kumzuia bwana wake Cornwall, mume wa Regan, na kumjeruhi kwa jeraha litakalomuua. Mtumishi anauawa hapohapo. Dada na mashemeji hawakufanya aliyoyafanya yeye.

Hatua ya 7: Hesabu ngazi za anguko

Mtu haanguki mara moja. Hesabu ngazi. Lear amejibakizia mashujaa 100 wa kumfuata. Goneril anawapunguza hadi 50. Anakimbilia kwa Regan, naye anasema aje na 25. Ndipo Lear anamgeukia tena Goneril na kusema: 50 zako ni mara mbili ya 25, basi upendo wako ni mara mbili ya wake. Masikini mzee bado anapima mapenzi kwa idadi, kosa lilelile la asubuhi ile ya kugawa nchi! Goneril anauliza 25 za nini, 10 za nini, 5 za nini. Regan anamalizia: hata mmoja wa nini? Kutoka 100 hadi sifuri, na baada ya hapo mlango unafungwa, nje kuna dhoruba.

Ukihesabu hivi utaweza kutenga mambo mawili ambayo wanafunzi huyachanganya: kosa la mhusika na uovu aliotendewa. Kosa la Lear lilimweka mlangoni. Lililomsukuma nje ni uamuzi wa mabinti. Usilitumie kosa lake kuwasafisha, wala uovu wao kumsafisha yeye.

Hatua ya 8: Pima muda kati ya uongo na utambuzi

Aristotle, katika kitabu chake kuhusu ushairi, alisema mateso yenye nguvu zaidi jukwaani ni yale yanayotokea kati ya wanaopendana: ndugu na ndugu, mwana na baba, mama na mwana. Alisema pia kwamba mgeuko wa mambo na utambuzi ndivyo vinavyoitikisa hadhira, na vikija pamoja ni bora zaidi. Basi tafuta sentensi ambayo mwathiriwa anajua.

Ya Gloucester ni fupi kupita kiasi. Ametoka kupofushwa, anamlilia mwanawe Edmund amlipizie kisasi. Regan anamwambia: aliyekusaliti ni huyohuyo Edmund. Gloucester anasema, kwa maana hiyo, Edgar alisingiziwa. Na papo hapo anaomba miungu imsamehe na imlinde Edgar. Hamlaani Edmund. Anaona siku ileile aliyopoteza macho. Edgar, aliyejigeuza mwendawazimu, ndiye anayemshika mkono njiani bila kujitambulisha, na anapojitambulisha hatimaye moyo wa mzee unapasuka kati ya furaha na huzuni.

Andika idadi ya maonyesho kati ya uongo na utambuzi, na orodhesha kila kitu kilichoharibika katikati. Hicho ndicho kipimo cha tanzia. Mtunzi Nahum Tate aliona mwisho wa King Lear haustahimiliki, na mwaka 1681 akauandika upya: Cordelia hafi, anaolewa na Edgar, mzee anarudishiwa ufalme. Majumba ya maonyesho ya Uingereza yalilitumia toleo hilo kwa zaidi ya miaka 150. Nawaelewa watu wale. Lakini walichokiondoa ni gharama, na bila gharama hila ya sehemu ya kwanza inabaki mchezo wa watoto.

Hatua ya 9: Pale usipomwona msaliti

Kuna tanzia za familia ambazo hazina Iago. Mfano mkubwa ni Oedipus wa Sophocles, anayemuua baba na kumwoa mama bila kujua. Wengi husema basi hapo ni majaaliwa tu. Rudi nyuma zaidi. Mtoto mchanga alitobolewa vifundo vya miguu na kupelekwa mlimani afe, kwa amri ya wazazi wake. Mchungaji alimhurumia. Kisha wazazi waliomlea Korintho hawakumwambia kwamba si wao waliomzaa, kwa upendo kabisa. Usaliti wa kwanza ulikuwa wa hofu, siri ya pili ilikuwa ya mapenzi, na zote mbili zilimtuma njia moja. Hivyo kabla ya kuandika kwamba msaliti hayupo, uliza nini kilitendeka nyumbani kabla pazia halijafunguliwa.

Hatua ya 10: Andika aya yako

Aya nzuri ya uchambuzi hutaja ufunguo, onyesho ulikotolewa, onyesho ulikotumika, na gharama yake. Kwa mfano:

Gloucester anaangamia kwa sababu anayaamini macho kuliko miaka. Amemlea Edgar tangu kuzaliwa, lakini barua moja aliyoinyang’anya mikononi mwa Edmund inafuta yote (sehemu ya 1, onyesho la 2). Edmund anafaulu kwa kumfanya baba ajione mgunduzi. Anapopoteza macho katika sehemu ya 3 ndipo anapomwona mwana wa kweli, na kwa kuwa Edgar anachelewa kujitambulisha, anaishi naye njiani kama mgeni mpaka saa ya kufa.

Isome aya yako kwa sauti. Ukikuta umeandika “usaliti unaleta maafa” bila kutaja nani alisema nini kwa nani, futa uanze tena.

Sasa jaribu mwenyewe kwa kisa tunachokijua sote, cha Fumo Liyongo, ambacho Muhammad Kijumwa alikitunga kwa utenzi mwaka 1913. Ni utenzi, lakini mifupa yake ni ya tanzia. Adui wameshindwa kumuua kwa kila njia. Gerezani mama yake alimpelekea tupa ndani ya mkate, na ngoma ikapigwa ili kelele za kukata minyororo zisisikike. Hapo familia ndiyo iliyomwokoa. Kisha mtawala akamwendea mwana wa Liyongo na ahadi ya kuozwa binti. Mwana akamuuliza baba ni kitu gani kinaweza kumuua. Baba akamjibu: sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni. Mwana akarudi nayo, akamchoma baba amelala. Liyongo akaamka, akachukua upinde, akaenda kisimani, akapiga goti mshale ukiwa tayari, akafa katika mkao huo. Na watu wakakaa na kiu wakidhani yu hai, mpaka mama yake alipoitwa kumsihi. Kijana hakupata alichoahidiwa.

Chora ukoo huo. Weka madeni. Andika nani alijua nini. Ukifika kwenye ufunguo, kaa hapo zaidi ya kwingine kote: mtu aliyeziona hila za mji mzima aliulizwa na mtoto wake swali ambalo halina maana njema hata moja, naye akajibu. Kwa nini alijibu?